Maswali kwa Fundi wa Saa: Seiko 5 Sports au Orient Kamasu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Tanga. Siku za kazi nafundisha mpira na riadha, Jumamosi nawapeleka wanafunzi kuogelea Raskazone. Saa zangu za betri zinakufa moja baada ya nyingine: betri ikiisha inafunguliwa, ikifungwa haizuii maji tena. Sasa nataka otomatiki moja, isiyo na betri na inayojijaza kwa mwendo wa mkono, nitakayokaa nayo. Nimebakiza mbili, zote za uso mweusi: Seiko 5 Sports namba SRPD55 na Orient Kamasu. Zote nimeziona kati ya dola 200 na 300. Wenzangu ofisini wanasema Seiko ndiyo saa, Orient hawaijui. Nichukue ipi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu. Chukua Kamasu. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua pesa unayo na muuzaji anakusubiri. Sababu nazieleza hapa chini, na usiziruke, maana ndizo zitakazokusaidia kuitunza.

Wenzako hawakukosea kuisifu Seiko. Hiyo SRPD ilitoka mwaka 2019, Seiko ilipoizindua upya Seiko 5 Sports, na umbo lake limetokana na SKX007, saa ya wazamiaji iliyopendwa sana tangu miaka ya 1990. Ukiziweka pamoja mbele ya mtu asiyezijua, atakuambia ni saa moja. Ila SKX ilihimili mita 200 za maji na kifundo chake cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, kilifungwa kwa skrubu. SRPD imerithi sura, haikurithi kinga hiyo: ni mita 100, na kifundo ni cha kusukuma na kuvuta tu. Kamasu, iliyotoka mwaka huohuo wa 2019, ni mita 200 na kifundo cha skrubu.

Mita 100 isikutie hofu. Saa yenye kipimo hicho, ikiwa mpya na raba zake za kuzuia maji nzima, inaogelewa bila wasiwasi. Ninachokifikiria mimi ni mkono wako wewe, Jumamosi, majini, ukiwa na watoto. Mtoto anayejifunza kuogelea akishtuka hushika chochote: mkono, mkanda wa saa, saa yenyewe. Kifundo cha kuvuta kinaweza kuchomoka hatua moja nawe usijue, na maji ya bahari hayahitaji zaidi ya hapo. Saa nyingi zilizokunywa maji ninazofungua hapa mezani Mombasa, ukifuata njia ya kutu unafika kwenye kifundo. Mgongo umefungwa vizuri, kioo hakijaachia, lakini kwenye kifundo raba imekauka au kiliachwa wazi. Cha skrubu hakichomoki kwa kushikwa.

Kwa upande mwingine, cha skrubu kinakutaka uwe na adabu nacho. Kila ukirekebisha saa, kisukume ndani, kizungushe kwa upande wa kufunga mpaka kigome chenyewe, kisha usikilazimishe. Meno yake ni membamba na yakilika hakuna raba itakayokuokoa. Usikiguse kabisa ukiwa ndani ya maji. Ukitoka baharini, isuuze saa kwa maji baridi ya bomba kifundo kikiwa kimefungwa, kisha uifute. Chumvi ikikauka kwenye pete ya kuzungusha iliyo pembeni mwa kioo na kwenye maungio ya cheni, inakuwa msasa. Na usioge nayo maji ya moto. Tena neno moja: hiyo mita 200 ya Kamasu haiifanyi kuwa saa ya mzamiaji wa mitungi kwa cheti cha kimataifa cha saa za kuzamia. Kwa kuogelea, kupiga mbizi kwa pumzi na kuvua mtoto aliyezama, inatosha na kubaki.

Sasa kioo, na hapa ndipo ningekusihi hata kama usingekuwa mtu wa bahari. Seiko imetumia Hardlex, yaani kioo cha kawaida kilichoimarishwa. Kamasu ina kioo cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, yakuti ni 9. Mchanga wa bara, wa viwanja na barabara, umejaa kwatsi, yale madini meupe magumu, ambayo ni 7. Kwatsi inakichora kioo cha Hardlex, yakuti haiiwezi. Mtu wa Paje au Nungwi ana bahati kidogo, mchanga wake mweupe umetokana na matumbawe na ni laini kuliko kioo. Wewe uwanja wako ni wa vumbi, na mikwaruzo mingi haiji saa inapoanguka. Inakuja pale unapofuta vumbi usoni mwa saa kwa ncha ya fulana ili usome dakika zilizobaki. Unafanya hivyo kila kipindi. Baada ya miaka miwili ya uwanja wa shule, Hardlex huwa na ukungu ambao ukiushika juani unaona ni mistari elfu. Ipanguse yakuti yako utakavyo.

Yakuti ina udhaifu wake: ni ngumu lakini inapasuka. Ukiigonga kwa nguvu kwenye mlingoti wa goli au ukingo wa saruji wa bwawa, Hardlex inaweza kuvumilia pigo ambalo yakuti isingelivumilia. Kwa hiyo wakati wa kufunga nyavu, ivue.

Mashine hazinifanyi nilale macho kuamua. Seiko ina 4R36, Orient ina F6922 ya kwao wenyewe. Kampuni ya Orient imekuwa mali ya Seiko Epson kikamilifu tangu 2009, lakini mashine zake ni za ukoo mwingine. Zote zinapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde. Kamani, yaani springi inayoiendesha saa, ikijaa, 4R36 inakwenda kama saa 41 na F6922 zaidi ya 40. Zote mbili unaweza kuzijaza kwa mkono, na zote mshale wa sekunde unasimama ukivuta kifundo, ili uoanishe na saa ya redio. Zote zinaonyesha siku na tarehe. Tofauti ni ahadi ya kiwanda: Seiko inaruhusu kosa la kwenda mbele sekunde 45 au kuchelewa 35 kwa siku, Orient, mbele 25 au nyuma 15. Kwa kawaida zinazokuja mkononi hufanya vizuri kuliko ahadi hizo, na fundi mwenye kifaa cha kupimia mwendo anaweza kuirekebisha yoyote kati ya hizo ikakaa ndani ya sekunde chache. Kama umezoea saa za betri, jua mapema kwamba hakuna otomatiki ya bei hii itakayokupa usahihi ule. Oanisha kila Jumatatu, basi.

Hili la usahihi linanipeleka kwenye riadha. Mwalimu, usipime mbio za mita 100 kwa saa hizi. Mshale wa sekunde hauanzi wala hausimami kwa kubonyeza, na mtoto aliyekimbia vizuri anastahili muda wake wa kweli. Weka Casio F-91W mfukoni. Ina stopwochi ya sehemu ya mia ya sekunde na bei yake ni ndogo sana. Pete ya Kamasu itumie kwa mpira: refa akipuliza, peleka pembetatu ya pete kwenye mshale wa dakika, kisha unasoma dakika zilizopita bila kuhesabu. Pete inazunguka upande mmoja tu kwa makusudi. Ikigongwa, itakuonyesha muda mrefu kuliko uliopita, haitakuonyesha mfupi, na kwa mtu aliye na watoto majini hilo ndilo kosa lililo salama.

Kuna mambo ambayo Seiko inashinda, na nisingekutendea haki kuyaficha. La kwanza, kifundo chake kimekaa mahali pa 4, si mahali pa 3. Ukipiga pushapu, kiganja kikikunjwa, kifundo cha Kamasu kinaweza kukubonyeza mgongo wa mkono. Cha Seiko hakikugusi. Siku za mazoezi ya viungo vaa saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, au ivae mkono wa kulia. La pili, rangi yake ya kung'aa gizani ni nzito, unaisoma hata saa tisa usiku bila kutafuta swichi. La tatu ndilo kubwa kwangu kama fundi: ndugu wa 4R36, zile NH35 na NH36, zimeuzwa kwa watengenezaji wengi wa saa duniani, kwa hiyo mashine nzima inapatikana kwa urahisi na kwa bei inayobebeka. F6922 ikichoka itataka sevisi ya kweli, kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta, na wewe utafute fundi anayeweza kazi hiyo. Hapo Tanga au Dar es Salaam uliza mapema, kabla haijaharibika.

Ukubwa usikusumbue. Seiko ni milimita 42.5 na unene wa 13.4, Kamasu ni 41.8 kwa 12.8. Ukizivaa hutaona tofauti. Zote zinachukua mkanda wa milimita 22, na hapa nakushauri utenge pesa kidogo. Cheni ya Kamasu ni nyepesi, maungio yake ya mwisho ni matupu ndani, inalialia na huvuta nywele. Iweke kwa sherehe. Kazini tia mkanda wa mpira au wa nailoni unaopita chini ya saa: pini moja ikikatika majini, saa inabaki mkononi.

La kununua. Seiko 5 ni jina kubwa, na jina kubwa lina wajanja wake. Kuna zilizofufuliwa kwa kupakwa uso upya na kuuzwa kama mpya au kama za zamani nzima. Geuza mgongo, utaona namba ya mashine na ya kesi, yaani mwili wa saa, mfano 4R36 ikifuatiwa na tarakimu nyingine. Chini kabisa ya uso wa saa, kwa herufi ndogo sana, lazima 4R36 hiyohiyo ionekane. Namba ya utambulisho nayo inasema: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi. Herufi N ni Novemba, D ni Desemba. Muuzaji akikuambia imetoka kiwandani juzi na namba inasema vingine, mrudishie. Kamasu haina wajanja wengi kiasi hicho, hiyo nayo ni faida ya kutojulikana na walimu wenzako.


SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina Seiko 5 ya marehemu baba, siku zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, alinunua hapa Muscat miaka mingi iliyopita. Mgongoni imeandikwa 7S26. Mimi nafanya kazi ya ofisini, naivaa kila siku, lakini nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama. Kaka yangu anasema niiuze, ninunue hiyo Seiko 5 Sports mpya au Kamasu. Inafaa kutengenezwa?
Binti yake, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mungu amrehemu mzee. Usiiuze.

Huenda saa hiyo hata si mgonjwa. Mashine ya 7S26 haijazwi kwa mkono. Ukizungusha kifundo hakuna kitu kinachojazwa. Chakula chake chote kinatoka kwenye kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea. Baba alitembea, pengine alipanda, alishuka, alibeba. Wewe unakaa mbele ya kompyuta na mkono umelala mezani. Kamani haijai, na jioni unaivua ikiwa na saa chache tu ndani.

Jaribu hivi: siku moja ya mapumziko ivae kutwa nzima ukiwa na kazi za mwili, sokoni, jikoni, ukitembea ufukweni. Usiku iweke kitandani, uso juu. Ikiamka inakwenda na kuendelea mpaka kesho yake mchana, haina tatizo, ni ulaji tu. Mashine nzima inafika kama saa 40. Ikisimama usiku uleule baada ya siku kama hiyo, basi mafuta yamekauka na inataka sevisi.

Ukiipeleka kwa fundi, mwambie mambo matatu kabla hujamwachia. Asipake uso wa saa rangi mpya. Asisugue kesi mpaka ing'ae, kwa sababu kingo zikiliwa hazirudi, na mikwaruzo aliyoiacha baba ni yake. Raba zote abadilishe. Ikiwa mashine imelika kabisa, NH36 mara nyingi huingia mahali pake na inakubali kujazwa kwa mkono. Hapo msisitizie ahamishe gurudumu la siku la Kiarabu kutoka mashine ya zamani, asikuwekee la Kiingereza na Kihispania. Mashine ya zamani akurudishie kwenye kikopo. Gharama ya yote haya inaweza kukaribia bei ambayo mtu angekulipa kwa saa hiyo, na bado nakuambia tengeneza. Jina la Seiko 5 lilianza 1963 na Sportsmatic 5, ile tano ikiwa ni ahadi tano: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuzuia maji, kifundo kilichofichwa mahali pa 4, na kesi na cheni imara. Ya baba ilijengwa kwa ahadi hizo. Niamini mimi ninayezifungua, ni mashine nyepesi kutengeneza na zinavumilia mengi.

Kama mwishowe utataka pia mpya ya kuvaa kazini, kwako sikushauri Kamasu niliyomshauri mwalimu wa Tanga. Kwa maisha ya mezani utahitaji kuijaza saa kwa mkono karibu kila asubuhi, na kifundo cha skrubu kufunguliwa na kufungwa kila siku kinachosha mtu na kinakula meno. Seiko 5 Sports unaizungusha mara 20 hivi bila kufungua chochote, unaingia kazini.


SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni fundi spika hapa Morogoro. Kamasu yangu ilikuwa inakwenda mbele kama sekunde 10 kwa siku, nilikuwa nimeridhika. Ghafla tangu wiki iliyopita inakwenda mbele dakika nne kwa siku. Imeanguka? Sikumbuki kuiangusha.
Fundi spika, Morogoro

JIBU: Njema, fundi mwenzangu. Kazi yako imekujibu: ni sumaku. Spika ulizozifungua zina sumaku kubwa nyuma, na mkono wako umepita karibu nazo. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kuliko unywele iliyojikunja mizunguko mingi. Ikishika sumaku, mizunguko inagandana, springi inafanya kazi kama imefupishwa, na saa inakimbia. Mashine haijaharibika.

Kuhakikisha, chukua dira, ya kweli au ya kwenye simu, uilaze mezani, kisha isogeze saa taratibu pembeni yake. Sindano ikichezacheza, umepata jibu. Fundi saa yeyote mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kazi hiyo kwa dakika moja, na kifaa chenyewe ni rahisi kiasi kwamba kwa kazi yako ningekushauri ununue chako. Usikubali mtu aifungue saa kwa tatizo hilo. Kamasu iliyofunguliwa bure ni raba iliyosumbuliwa bure. Baada ya hapo, ukishika spika ivue saa na kuiweka mbali, isikae hata karibu kwa sentimita 5 na sumaku.

Na kwa kuwa utairekebisha tarehe ikisimama: usiibadilishe siku wala tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya kalenda yameshashikana na gurudumu, ukilazimisha yanakatika. Peleka kwanza mishale hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha badilisha tarehe, kisha weka saa yako.